Pulaski baada ya misimu mitatu kwenye njia za miguu: nyota nne, kama kuna mtu wa kushika tupa ya kunolea

Nimeitumia Pulaski misimu mitatu sasa na kundi letu la kujitolea, sisi tunatengeneza njia za miguu za mashambani na msituni, zile za watu kutembea tu au kukatiza upande wa pili wa kilima, na nataka niandike inavofaa na isivofaa maana nilipokuwa naitafuta nilikuta watu wanasifia chuma na mpini basi, hakuna anayesema hiki kifaa kinataka nini kutoka kwako. Niseme mapema kabisa: ni kifaa kizuri mno, naipa nyota nne kati ya tano, lakini hizo nne ni kama kundi lenu lina mtu mmoja anayejua kushika tupa na anapenda kuishika. Kama hamna mtu wa hivo nawapa mbili, na nitaeleza kwa nini.

Kwa asiyeijua, ni kichwa kimoja cha chuma, upande huu shoka la kawaida, upande wa pili kijembe chembamba kilicholala kama tezo ya seremala, vyote kwenye mpini mmoja mnyoofu wa kama sentimita 90. Kichwa peke yake kinakaribia kilo 1.7. Jina limetoka kwa Ed Pulaski, askari wa misitu wa Marekani, yule ambaye Agosti 1910 moto mkubwa ulipowazunguka kule Idaho karibu na mji wa Wallace aliwaingiza watu wake 45 hivi ndani ya shimo la mgodi wa zamani akawazuia kutoka mpaka moto ukapita, watano walikufa humo lakini wengi walitoka hai. Mwaka uliofuata ndo akaanza kuunda hiki kifaa, ingawa vyuma vya kufanana nacho vilikuwepo hata kabla yake. Kwa hiyo asili yake ni kukata mstari wa kuzuia moto, yaani kukata mizizi na kukwangua udongo kwa haraka bila kubeba vitu viwili, na ukifikiria vizuri kutengeneza njia ya miguu ni kazi hiyohiyo, tofauti ni kwamba sisi hatukimbizwi na moto.

Sasa kazini. Adui wa njia sio miguu ya watu, adui ni maji. Njia ikikaa bapa kabisa au ikashuka katikati kama mtaro, mvua ikinyesha maji yanaifanya mto, yanachimba, watu wanaanza kupita pembeni kukwepa tope, njia inapanuka, majani yanakufa, na mwaka unaofuata una vidonda viwili badala ya kimoja. Kwa hiyo kazi kubwa ya kundi letu ni kuipa njia mteremko kidogo kuelekea upande wa bondeni ili maji yakatize yaende zake yasitembee nayo. Tunalenga asilimia 5 hivi, maana yake njia ya upana wa sentimita 60 ukingo wa nje unakuwa chini ya ule wa ndani kwa sentimita 3, ni kidogo sana, mtu anayetembea hata hajui, ila ukiweka mpira unabingirika kwenda nje. Na hapa ndipo upande wa jembe wa Pulaski umeniteka kwa uzuri. Lile tuta dogo la udongo na majani yaliyooza linalojijenga kwenye ukingo wa nje na kufungia maji ndani ya njia, unalikata vipande vipande kwa jembe hilo jembamba, linaingia kwenye nyasi zilizofungamana na mizizi midogo bila kudunda kama linavodunda jembe la kawaida lenye bapa pana, afu unavuta kuelekea kwako. Mita kumi za tuta nazimaliza kwa muda ambao zamani nilikuwa bado nabishana na nyasi.

Mizizi mikubwa ndo sehemu ambayo kifaa kinajionyesha. Mzizi unene wa kifundo cha mkono umekatiza njia, watu wanajikwaa. Nasafisha udongo kuuzunguka kwa upande wa jembe mpaka chini yake kuwe na nafasi, napangusa mchanga na changarawe kwa mkono wenye glavu, nageuza kichwa mkononi, nakata kwa shoka upande huu na upande ule usawa wa kingo za njia, natoa kipande chote. Sio kukata katikati ukaacha visiki viwili vimechomoza, hivo ni vibaya kuliko mzizi wenyewe. Zingatia hiyo hatua ya kupangusa, wengi wanairuka, wanakata mzizi ukiwa bado na udongo na shoka linakutana na kokoto, na ile sauti ya "ting" ni makali yako yanakwenda. Shoka moja likigonga jiwe mara tatu halikati tena, linatwanga.

Ndio maana nasema kama njia yenu ni ya mawe mawe usinunue hii. Kwa kweli. Chukueni sururu yenye jembe upande mmoja, ile nzito, haina makali ya kuharibika na ukitaka kung'oa jiwe unaweza kuegemea mpini na mtaimbo ukasaidia. Pulaski sio ya kubenua mawe, mpini wake utapasuka pale unapoingia kwenye kichwa, nimeona ikitokea mbele ya macho yangu, kijana mwenye nguvu na nia njema kabisa aliingiza jembe chini ya jiwe akaegemea, kikasikika kama kuni kavu. Na kwa kumalizia kazi, kulainisha uso wa njia na kuushindilia, tunatumia McLeod, ile yenye meno ya reki upande mmoja na jembe pana upande wa pili, nayo ilibuniwa na askari wa misitu wa Marekani mwaka 1905. Pulaski inafungua, McLeod inamaliza. Kundi la watu wanane mi ningeshauri Pulaski mbili au tatu tu, sio kila mtu na yake, maana baada ya dakika ishirini mikono imechoka na mtu aliyechoka na shoka mkononi ni hatari, bora mbadilishane, huyu anachimba yule anavuta udongo.

Sasa kununua. Ya kwanza niliagiza ya bei ya chini sana, sitaitaja kampuni, ilifika inang'aa imepakwa rangi nyekundu mpaka kwenye makali, mpini umepigwa vanishi kama meza ya sebuleni. Siku ya pili kichwa kikaanza kucheza. Siku ya tatu nilikuwa nimeinua kidogo tu, sio hata juu ya bega, nikahisi mpini umekuwa mwepesi ghafla, kichwa kilikuwa kimetoka kimeanguka hatua mbili nyuma yangu kwenye majani. Hakuna aliyeumia kwa sababu tunakaa umbali wa mita tatu mtu na mtu, sheria ambayo watu wapya huwa wanaiona ya kuogopa ogopa tu. Nilipokiangalia kile kichwa nikaona kabari ni kipande kidogo cha mbao laini kilichoingizwa nusu, na lile tundu lilikuwa limejazwa gundi kufichia nafasi. Niliandikia duka, wakanijibu nirudishe kwa gharama zangu, nikaacha.

Kwa hiyo ukiwa unanunua, kabla hujaangalia jina angalia mambo haya. Tazama kitako cha mpini, mistari ya mti ile ya miaka inatakiwa iende mwelekeo mmoja na makali ya shoka, yaani ukinyoosha jicho iwe sambamba na shoka, ikiwa imekatiza huo mpini utapasuka. Afu fuata mistari kwa urefu wa mpini, isitoke pembeni njiani. Tazama juu ya kichwa, mbao ijaze tundu lote na kabari iwe imezama. Funga jicho moja uangalie kutoka kitakoni kama kichwa kimekaa sawa na mpini. Mpini wa mti wa hikori ndo naupenda, unanesa kidogo, haurudishi kishindo kwenye kiwiko. Ya faibaglasi tunayo moja, haiozi na haivunjiki kirahisi, lakini ikiharibika huwezi kuitengeneza mwenyewe, na jua likiila muda mrefu nyuzi zake zinaanza kuchomoza zinaingia kwenye viganja kama miiba. Vanishi nayo iondoe. Chukua msasa ukwangue yote, mti wenyewe ukishikwa na mkono hauleti malengelenge kama vanishi.

Ya pili niliyonunua, na ndo hii ninayoipa nyota, ilikuja na mpini mzuri na makali butu, na hilo usishangae, nyingi zinatoka kiwandani butu na wanategemea utanoa mwenyewe. Hapa namleta mzee wa kundi letu, alikuwa fundi seremala maisha yake yote, sasa amestaafu, haendi tena mlimani kwa sababu ya magoti lakini kila baada ya siku ya kazi vifaa vyote vinapitia kwake. Mara ya kwanza nilimpelekea Pulaski yangu nikiwa nimeshaipitisha kwenye mashine ya kusaga ili nimpunguzie kazi. Akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha mstari wa bluu kwenye ncha ya makali. "Mwanangu, hapa umeipika." Joto la mashine lilikuwa limeua ugumu wa chuma pale ncha, na kweli ile sehemu ilikuwa inajikunja kila ikigusa mzizi mpaka alipoiondoa yote kwa tupa, taratibu, siku mbili.

Tangu hapo natumia tupa tu. Tupa bapa ya sentimita 25, ina mpini wake kwenye mkia, usishike mkia mtupu utakuchoma kiganja. Kichwa kinabanwa kwenye jiliwa, au ukiwa porini unakilaza juu ya gogo unakibana kwa goti kikiwa kimeelekea mbali na wewe. Glavu za ngozi lazima, kwa sababu kila unaposukuma mkono unaelekea kwenye makali. Tupa inakata ikisukumwa tu, ukirudi inyanyue, ukiiburuta kurudi unaua meno yake bure. Njia ambayo mzee alinifundisha ni kupaka wino wa kalamu nene kwenye mshazari wa makali kabla ya kuanza, unasukuma tupa mara mbili unaangalia wino umetoka wapi, ukitoka juu tu pembe yako imelala, ukitoka nchani tu umesimamisha mno, unarekebisha mpaka wino utoke wote kwa pamoja. Shoka linanolewa pande zote mbili, unahesabu, mara kumi huku mara kumi kule. Jembe linanolewa upande mmoja tu, fuata upande ule liliotoka nao kiwandani, na usilifanye jembamba kama wembe, linaingia kwenye udongo, likiwa jembamba linameguka. Ukimaliza pitisha kinoo kuondoa ule uzi mdogo wa chuma unaobaki. Brashi ya waya kwa tupa yenyewe ikijaa chenga. Dakika kumi na tano kwa kifaa kimoja, na tofauti utaihisi mgongoni kabla hata ya kuiona kwenye mzizi.

Na ndo hapo penye zile nyota mbili. Sururu butu bado ni sururu. Pulaski butu sio shoka sio jembe, ni uzito tu unaoinua kutwa nzima, watu wanaanza kupiga kwa nguvu zaidi, wanakosea, wanachoka, na mtu aliyekuja kujitolea Jumamosi yake ya kwanza akapewa kifaa cha hivo harudi. Nimewaona. Wanafikiri kazi ndo ngumu kumbe ni tupa haikushikwa. Ukiwa unaongoza kundi na unasoma hapa, tafadhali sana msimpe mgeni kile kifaa kibovu eti kwa kuwa bado hajui, mpe kilicho na makali mazuri na umsimamie.

Mpini nao una mambo yake. Kichwa kikilegea watu wengi wanatumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha, asubuhi kimekaza wanafurahi. Mti umevimba ukajibana ndani ya chuma, nyuzi zake zimepondeka, ukikauka unasinyaa kuliko ulivokuwa, kwa hiyo wiki ijayo kinacheza zaidi. Badala yake shika mpini kichwa kikiwa kinaning'inia chini, gonga kitako kwa nyundo ya mti, utashangaa kichwa kinapanda chenyewe kwenye mpini, afu ingiza kabari mpya ya mti mgumu, kata kinachozidi. Kisha mafuta ya kitani, unapaka kidogo kwa kitambaa, unaacha yaingie, unafuta yaliyobaki juu. Mpini mpya tunapaka kila siku kwa wiki moja, afu kila wiki kwa mwezi, afu kila mwezi kwa mwaka, baadaye mara moja kwa mwaka inatosha.

Hivo vitambaa sasa. Hili nataka kila mtu alisikie kwa sababu hata mimi sikulijua na kwenye chupa limeandikwa kwa maandishi madogo kama sisimizi. Mafuta ya kitani hayakauki kama maji yanavokauka, yanakauka kwa kushika oksijeni ya hewani, na yakishika oksijeni yanatoa joto. Kitambaa kilichotandazwa joto linapotea. Kitambaa kilichofinyangwa kikatupwa kwenye kona ya stoo pamoja na vingine, joto linakaa ndani linaongezeka, na kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti bila cheche, masaa kadhaa baada ya nyie kufunga mlango na kwenda nyumbani. Siku moja tumemaliza kupaka, dada mmoja wa kundi akaokota vitambaa vyote akavikusanya kwenye ndoo ya plastiki awe amefanya usafi, mzee akasimama na magoti yake akaenda akavitoa kimoja kimoja akavitandaza kwenye uzio nje, hakusema neno mpaka alipomaliza, afu ndo akatueleza. Sisi sasa tunavitandaza nje mpaka vikakamae, au tunavitia kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Kubeba ni rahisi ila kuna namna. Haibebwi begani. Unaishika karibu na kichwa pale inapojisawazisha, mkono umeshuka, upande wa bondeni, ili ukiteleza uitupe mbali usianguke juu yake. Ukipumzika unailaza pembeni ya njia upande wa mlimani, makali yakiangalia mbali na njia, usiichomeke kwenye mti, usiiegemeze. Mtembeaji akipita kazi inasimama, kifaa kinashuka chini, mnamsalimia, anapita. Tumepata wanachama wawili kwa salamu hizo tu.

Na tope. Zamani nilikuwa naosha kwa ajili ya kutu tu, nakwangua udongo kwa kijiti, nafuta kwa kitambaa kikavu, napaka mafuta kidogo kwenye chuma. Sasa naosha hukohuko porini kabla ya kuondoka, kwa sababu udongo kwenye jembe na kwenye soli za buti unabeba mbegu za magugu na magonjwa ya miti kutoka msitu mmoja kwenda mwingine. Kule New Zealand miti ya kauri, mikubwa ajabu, inauliwa na kijidudu cha udongoni cha jamii ya Phytophthora, na kinasafiri kwa udongo wa namna hiyo, mpaka wameweka vituo vya kusafishia viatu kwenye njia zao na njia nyingine wamezifunga kabisa. Inaumiza kufikiria kwamba mtu anaweza kuua msitu kwa kwenda kuutunza. Brashi ngumu na chupa ya maji viko kwenye begi langu kila mara, afu nyumbani nakausha vizuri kabla ya kuweka, kifaa kisilazwe kwenye sakafu ya sementi, kinaning'inizwa.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito, kwa watu wadogo wa umbo au wenye mabega yenye shida ni kizito mno kufanya nacho kazi zaidi ya nusu saa, na matoleo mepesi yenye mpini mfupi yapo lakini hayaingii ardhini vilevile, nimejaribu moja, unaishia kuinama zaidi na mgongo unalipa. Ya pili ni ala, yaani kifuniko cha makali. Kifaa chenye makali mawili yaliyopeana mgongo kinauzwa na kipande cha plastiki cha upande mmoja tu, au hakina kabisa, na ile ya kwangu ilipasuka kwa baridi kabla mwezi haujaisha. Tumeacha kununua. Tunachukua mpira wa zamani wa kumwagilia bustani, tunakata kipande cha urefu wa makali, tunauchana kwa kisu upande mmoja, tunauvalisha kwenye makali na kuufunga kwa kamba ya tairi la ndani la baiskeli, moja kwa shoka moja kwa jembe. Tuna vya rangi ya kijani na vya njano, vya njano ni vya vifaa vinavyosubiri tupa.